Richard Trevithick, mutoto wa kapita: sheria ilimufunga, kisha ikamusahau

Wandugu watumikaji, wamama na vijana munaosoma ukurasa huu, mara nyingi tunawaletea maisha ya wakubwa wa siasa. Leo tunaleta maisha ya mutu wa mine. Jina lake Richard Trevithick. Alikufa mwaka 1833, hakuwa raisi wala mufalme, lakini kila mutu aliyepanda treni kutoka Lubumbashi kwenda Likasi alibebwa na wazo lake.

Sababu ya kumuchagua ni hii: mwezi unaokuja sendika itakaa na wakubwa wa kazi juu ya mapatano mapya, ile konvansio kolektive. Mu karatasi zetu kuko kifungu kimoja juu ya mawazo mapya ya watu wa kazi: mutu akivumbua namna ya kutengeneza pompi, ya kuokoa mafuta ao ya kulinda watu chini, wazo lile ni la nani, na nani analipwa? Wengi wanatuuliza kifungu kile kilitoka wapi. Tunawajibu kwa hadisi ya Trevithick.

Alizaliwa tarehe 13 Aprili 1771 mu Cornwall, kule mwisho wa Uingereza upande wa mangaribi, fasi udongo unaingia mu bahari sawa kidole. Cornwall ya wakati ule ilifanana na kwetu. Shaba ilikuwa chini, vijiji vyote viliishi kwa mine, na mutoto wa kapita alijua kelele za pompi mbele ya kujua kusoma. Baba yake alikuwa kapita wa mine ya Dolcoath. Mama yake alikuwa binti ya mutu wa mine. Ku shule Trevithick hakupendeza. Mwalimu alimuona mutoto asiyesikia, mwenyi kichwa kigumu, anayekosa masomo kila mara. Lakini hesabu alikuwa anaipata, kwa njia yake mwenyewe isiyo ya kitabu. Alikuwa murefu, karibu metre 1,88, na mwenyi nguvu ya kushangaza, mpaka watu wakamuita jitu la Cornwall. Alipofika miaka 19 aliingia kazi mu mine ya East Stray Park.

Adui wa mine zile alikuwa mayi. Sisi tunajua. Ukienda chini, mayi inakuja. Pompi ikisimama, kazi imekwisha. Tangu mwaka 1712 kulikuwa mashine ya mvuke ya Newcomen ya kuvuta mayi, lakini ilikula makaa ya mawe bila kushiba. Na Cornwall haina makaa ya mawe. Ilitoka Wales kwa mashua, na bei ilikuwa kali. Njo pale alipotokea James Watt, fundi wa Scotland. Mwaka 1769 alipata breve, ni kusema karatasi ya Leta inayokataza mutu mwingine kutengeneza kitu chako bila ruhusa yako, kwa miaka fulani. Mashine ya Watt ilipozesha mvuke mu chombo cha pembeni, na kwa njia hiyo ilikula makaa kidogo sana kupita ile ya zamani.

Tuseme ukweli wote. Breve ile ilisaidia. Watt hakuwa tajiri, na mwenzake wa kwanza, Roebuck, alianguka faliti mwaka 1773. Mfanyabiashara Matthew Boulton asingetia feza nyingi mu kazi ya Watt kama hakukuwa karatasi ya kumulinda kwa miaka ya kutosha. Breve ya kawaida ilidumu miaka 14. Boulton na Watt waliomba Bunge irefushe yao, na mwaka 1775 Bunge ikakubali: itaenda mpaka mwaka 1800. Yaani miaka 31 tangu mwanzo. Hapo shida ikaanza.

Kila mine ya Cornwall iliyoweka mashine ya Watt ililipa sehemu moja kwa tatu ya feza ya makaa iliyookolewa. Mwanzoni wenyi mine walifurahi, sababu walibaki na mbili kwa tatu. Lakini kisha shaba ya mulima wa Anglesey, kule Wales, ilijaa ku soko, na shaba ile ilikuwa karibu na juu. Bei ikaanguka. Mine za Cornwall zikaanza kufungwa, na zile zilizobaki ziliendelea kulipa. Nani kati yetu hajui mwaka kama ule, bei ya mukuba inaanguka ku soko la London na hapa watu wanarudishwa nyumbani?

Kulipa hakukuwa ubaya mukubwa kupita wote. Ubaya mukubwa ni kwamba mlango ulifungwa kwa wengine. Jonathan Hornblower, fundi wa palepale Cornwall, alitengeneza mashine yenyi silinda mbili na akapata breve yake mwaka 1781. Boulton na Watt walisema inaingia mu breve yao. Edward Bull, fundi aliyetumika mu Cornwall, alishtakiwa mwaka 1793. Hata mutu wao wenyewe, William Murdoch, aliyekaa Redruth kuangalia mashine za sosieti, alitengeneza mu mwaka 1784 kigari kidogo kilichotembea kwa mvuke. Wakubwa wake hawakumutia moyo. Walitaka aendelee na pompi. Kigari kile kilibaki kitu cha kuonyesha.

Trevithick alifanya kazi pamoja na Bull. Walitafuta namna ya kujenga mashine nzuri bila kugusa breve ya Watt, kazi ngumu, sababu maneno ya breve ile yaliandikwa mapana, na kila mara fundi alijiuliza kama bado yuko nje ao amekwisha kuingia ndani. Alipokuwa enjeniere wa mine ya Ding Dong, karatasi ya tribinali ya kumukataza ilibandikwa paleple ku mine, kila mutu aione. Muwazie kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenyi kujua kazi yake, anafika ku kazi na kukuta jina lake juu ya karatasi sawa mwizi.

Mwaka 1797 baba yake alikufa. Mwaka ule ule alioa Jane Harvey, binti ya mutu mwenyi kiwanda cha kuyeyusha chuma kule Hayle. Na karibu na wakati ule alikwenda kumuuliza rafiki yake Davies Giddy, mutu wa elimu ya hesabu, swali moja: kama mvuke yenyi nguvu nyingi inasukuma pistoni, kisha inatupwa hewani bila kupozeshwa, tutapoteza nguvu kiasi gani? Giddy akamujibu kwamba hasara ni ule uzito wa hewa tu, kitu cha mara moja, hata mvuke iwe na nguvu namna gani. Trevithick alifurahi sana. Alielewa kama chombo cha pembeni cha Watt hakihitajiki tena. Mashine itakuwa ndogo, nyepesi, na inaweza kuwekwa juu ya magurudumu.

Breve ya Watt ikaisha mwaka 1800. Mwaka uliofuata, usiku wa kuamkia Noeli, tarehe 24 Desemba 1801, Trevithick aliwasha gari lake la mvuke kule Camborne, na gari likapanda mulima limebeba watu. Siku chache kisha liliharibika njiani. Trevithick na wenzake waliliacha chini ya paa, moto bado unawaka, wakaenda kula na kunywa mu hoteli. Mayi yote ikakauka, chuma ikawa nyekundu, na gari pamoja na ile nyumba vikaungua. Tunacheka, lakini tuangalie: mutu huyu alikuwa na kichwa cha kuvumbua, alikosa mazoea ya kulinda kile alichovumbua. Tabia ile ilimufuata maisha yake yote.

Mwaka 1802 alipata breve yake mwenyewe, pamoja na Andrew Vivian. Mwaka 1803 msiba ukafika. Kule Greenwich, karibu na London, mashine yake moja ilikuwa inavuta mayi. Kijana aliyewekwa kuiangalia aliondoka kwenda kuvua samaki. Mutu mwingine akaisimamisha bila kuachilia mvuke. Shodiere ikapasuka na kuua watu wane. Watt hakupenda hata kidogo mvuke yenyi nguvu nyingi. Aliiona ni hatari. Trevithick aliandika kwa rafiki yake kwamba Boulton na Watt wanaeneza habari ya ajali ile mu magazeti na mu barua kusudi watu waikimbie mashine yake.

Tunapenda musome vizuri jambo alilofanya kisha. Hakusema paka kosa ni la yule kijana. Aliweka supape mbili ku kila shodiere, moja fasi mutu anayetumikisha mashine hawezi kuigusa. Tena alitia kizibo cha risasi mu chuma ya shodiere: mayi ikipungua sana, risasi inayeyuka, mvuke inatoka, moto unazimika, watu wanapona. Hakuna sheria iliyomulazimisha. Kule Ufaransa, mwaka 1823, Leta iliandika amri kwamba mashine yote ya mvuke yenyi nguvu nyingi lazima iwe na supape mbili, moja yenye kufungwa kwa ufunguo, na vizibo vya metali inayoyeyuka. Hawakuikataza mashine, walisema paka namna gani isiue watu, na ikaendelea kutengenezwa. Uingereza, kwao Trevithick, ilingoja mpaka mwaka 1882 kuandika sheria ya kuchunguza shodiere zinazopasuka. Kati ya pale na pale, ni watu wa kazi waliolipa.

Tarehe 21 Februari 1804, kule Penydarren mu Wales, mashine yake ilivuta tani 10 za chuma na watu 70 juu ya reli, kwa njia ya karibu kilometre 16, kwa saa ine na dakika chache. Mwenyi kiwanda, Samuel Homfray, alikuwa ameweka feza nyingi mu bahati na tajiri mwenzake kwamba itawezekana. Ilikuwa mara ya kwanza katika dunia mashine ya mvuke kuvuta mizigo juu ya reli. Lakini reli zilikuwa za chuma hafifu, zikavunjika chini ya uzito, na farasi wakarudishwa. Mwaka 1808 alionyesha treni ingine London, watu wakalipa kuiona inazunguka, nayo ikasimama sababu ya reli. Mu miaka ile akagonjwa sana, na mwaka 1811 akaanguka faliti pamoja na mwenzake wa biashara.

Tayari alikuwa amerudi Cornwall. Na pale kulikuwa kumeanza jambo ambalo sisi wa sendika tunalipenda kupita mengine yote. Watu wanafikiri kwamba breve ikiisha, kila kitu kinakuwa kizuri chenyewe. Hapana. Kisha 1800, Boulton na Watt waliondoa mafundi wao, hakuna aliyebaki wa kufuata mashine, na kwa miaka kumi pompi za Cornwall zilizidi kuwa mbaya. Njo mwaka 1811 wenyi mine walipopatana kumuchagua kapita mumoja, Joel Lean, apite ku kila mine na kupima: mashine hii ilivuta mayi kiasi gani kwa kipimo kimoja cha makaa? Kila mwezi rapore ilichapishwa: jina la mine, ukubwa wa mashine, kazi iliyofanya, na jina la enjeniere wake. Basi fundi muzuri alijulikana mu inchi yote, na ile mbinu yake wengine walikuja kuiangalia. Fundi muvivu naye alijulikana.

Mwaka 1812 Trevithick aliweka ku mine ya Wheal Prosper mashine ya mvuke yenyi nguvu nyingi, na shodiere ya namna mupya ambayo mpaka leo inaitwa shodiere ya Cornwall. Kwa ile mashine ya pompi hakuomba breve. Kila mutu aliruhusiwa kuiga na kuirekebisha. Wakati ule ule Arthur Woolf alileta mashine yake yenyi breve, na mine nyingi zilifuata ile ya Trevithick, sababu ilikuwa rahisi na haikudaiwa malipo. Kwa miaka karibu 30 iliyofuata, kazi ya mashine za Cornwall kwa kipimo kimoja cha makaa iliongezeka zaidi ya mara tatu. Rapore ile ya mwezi ilisaidia sana, na mawazo yaliachiwa kupita kutoka mine hii kwenda ile.

Na Trevithick alipata nini? Karibu bure. Hapa njo uchungu wa hadisi. Breve ya Watt ilimutajirisha mutu mumoja na kufunga wengine kwa miaka mingi. Kazi ya wazi ya Trevithick ilitajirisha mine zote, na mwenyewe akabaki na deni.

Mwaka 1816 alipanda mashua kwenda Peru, fasi mashine zake zilikuwa zimekwisha kutumwa ku mine za feza za Cerro de Pasco. Mine zile ziko juu sana ya milima, zaidi ya metre 4000, hewa ni nyepesi, na mashine za Watt hazingeweza kufaa. Lakini vita vya uhuru wa Amerika ya Kusini viliingia, mashine zikavunjwa, feza ikapotea, naye akaingizwa mu jeshi la Bolívar kwa wakati fulani. Akaenda Costa Rica kutafuta mine zingine, akavuka pori kwa miguu na kuponea chupuchupu. Mu Cartagena alikutana na Robert Stephenson, kijana mwenyi kazi ya treni, ambaye alimupa paundi 50 kusudi arudi kwao. Alifika Uingereza mwaka 1827, kisha miaka kumi na mumoja, mikono mitupu. Bibi yake Jane alikuwa amelea watoto sita kwa musaada wa ndugu zake. Mu hadisi kama hizi jina la bibi linapita upesi, lakini wamama wa mine wanaelewa miaka kumi na mumoja ni nini.

Mwaka 1828 aliandikia Bunge. Aliomba zawadi kwa ajili ya kazi yake, akionyesha kwamba mashine zake ziliokolea mine za Cornwall feza nyingi sana za makaa. Bunge iliyomurefushia Watt miaka kumi na saba haikumupa Trevithick kitu. Aliendelea kuvumbua mpaka siku za mwisho. Alikufa tarehe 22 Aprili 1833 mu chumba cha hoteli kule Dartford, bila feza. Watumikaji wa kiwanda cha palepale walichanga kwa maziko yake na kubeba sanduku lake. Kaburi halikuwekewa alama. Mutoto wake Francis, aliyekuwa mukubwa wa mashine za treni, njo aliandika kitabu cha maisha ya baba mwaka 1872.

Sasa turudi kwetu. Mu mine moja ambayo hatutaitaja jina, mwenzetu mumoja wa upande wa pompi aliona kwamba kila musimu wa mvua mashine inasimama sababu ya kipande kimoja cha kuziba mayi, ambacho kinangojewa kutoka ngambo kwa majuma. Alikata kipande kama kile mu mukanda wa zamani wa konveyere, akakifunga kwa namna yake, na pompi ikaenda. Miezi kazaa kisha tuliona desini ya kipande kile mu karatasi ya kazi, na jina la mutu mwingine chini. Mwenzetu alipewa sabuni na kofia. Tangu siku ile alifunga kinywa. Na anatuambia kwamba iko na wazo lingine, juu ya hewa mu galeri za chini, lakini hatalisema mpaka konvansio isainiwe.

Tulikaa naye usiku mzima. Tulielewa hasira yake. Wengine kati yetu walimupa haki. Lakini hewa si sawa pompi. Pompi ikisimama, sosieti inapoteza feza. Hewa ikikosekana, mutoto wa mutu hapandi tena juu. Tulimukumbusha kizibo cha risasi cha Trevithick, ambacho hakikungoja sheria. Mwishoni alikubali. Aliliweka wazo lake mbele ya komite ya sekirite, na sisi tukaandika mu prose-verbal: jina lake, tarehe, saa, desini, na saini za mashahidi watatu. Kopi moja iko naye nyumbani, ingine iko ku sendika.

Kifungu tunachopeleka mwezi unaokuja kinafuata njia ile. Mutu wa kazi akileta wazo linalookoa feza, jina lake liandikwe, na apate sehemu ya faida kwa miaka inayojulikana, isiyo mingi kupita kiasi, kisha wazo liwe la wote. Wazo la kulinda maisha lisifichwe hata siku moja. Liende ku mine zote mara moja, na mwenyewe alipwe na mfuko wa pamoja. Mwisho, kila mwezi rapore moja kwa mine zote zilizo mu mapatano: pompi gani ilisimama, kwa nini, nani aliitengeneza na namna gani. Wakubwa wengine watasema hiyo ni siri ya biashara. Wenyi mine wa Cornwall walikuwa wafanyabiashara vile vile, na walichapisha.

Kwa ninyi munaosoma, musingoje saini. Ukiwa na wazo, liandike leo, utie tarehe, uite mashahidi wawili, na kopi ulete ku delege wa sendika wa upande wako. Hata kama ni ukurasa wa kayee ya mutoto.